Aliyeshika Pwani

Barabara inayotoka Mto Ruvuma kwenda Beira inamfundisha msafiri jambo ambalo vitabu vingi vya historia ya ukombozi hulipita haraka: Msumbiji haikujengwa ili mtu asafiri ndani yake. Ukivuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, ukapanda uwanda wa Mueda, ukateremkia Montepuez na Nampula, kisha Mocuba hadi Caia kwenye Mto Zambezi, umekata zaidi ya kilomita 1,000 na hujaona reli hata moja inayokwenda unakokwenda wewe. Reli zipo, ila zote zinaikata njia yako. Nampula unaikuta inayotoka Malawi kwenda bandari ya Nacala. Ng'ambo ya Zambezi kuna ya Sena, inayoshusha makaa ya mawe ya Moatize hadi Beira. Mbele zaidi kuna ya Beira na Machipanda, na kusini kabisa zimo zile zinazoingia Maputo kutoka Afrika Kusini, Eswatini na Zimbabwe. Zote zinatoka bara na kuishia baharini. Hapo Caia, gari lililofuata barabara kuu lilivuka Zambezi kwa kivuko hadi mwaka 2009, lilipofunguliwa daraja la sasa. Wareno walikaa pwani hii karibu karne tano, na daraja waliloliona la lazima kwenye mto huu wa chini ni lile la Dona Ana, juu kidogo ya Caia, lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu. Lilikamilika katikati ya miaka ya 1930 ili treni za Nyasaland, koloni la Mwingereza, zifike bandarini.

Ramani hiyo ndiyo hoja yangu. Mapinduzi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974 yaliigeuza siasa ya kusini mwa Afrika kwa sababu ya reli na bandari kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Ureno ilikuwa miongoni mwa nchi maskini za Ulaya Magharibi, na jeshi lake lilikuwa limechoka. Kilichowalinda Ian Smith wa Rhodesia na makaburu wa Pretoria ni pwani aliyoishika Mreno, na milango ya nchi zisizo na bahari ilikuwa mikononi mwake. Alipoondoka, mlango wa Rhodesia uliangukia mikononi mwa adui wa Rhodesia. Lakini hoja hiyo ina upande wa pili, ambao huwa tunausema kwa sauti ndogo katika sherehe zetu. Aliyerithi bandari alirithi na wateja wake, na wateja wenyewe walikuwa Smith na Pretoria. Sehemu kubwa ya ushindi na ya msiba wa Samora Machel wa Msumbiji imo katika urithi huo.

Kuna pingamizi la kwanza ambalo halina budi kujibiwa mapema. Wapo wanaosema kwamba mwisho wa utawala wa Wareno ni habari ya Ulaya: Salazar aliondolewa kazini na maradhi mwaka 1968, mrithi wake Marcelo Caetano akashindwa kuchagua njia, Jenerali Spínola akatoa kitabu chake Februari 1974 akisema vita vya makoloni haviwezi kumalizwa kwa silaha, na maofisa vijana wakamaliza kazi. Yote hayo ni kweli, lakini maofisa hao walichokea wapi? Uwanda wa Mueda unajibu sehemu ya swali. Hapa, tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno waliwapiga risasi wananchi waliokuja kusema shida zao mbele ya gavana. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Juni 1962, Frelimo iliundwa Dar es Salaam kwa kuunganisha vyama vitatu chini ya Eduardo Mondlane, na tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza za vita zikalia Chai, mashariki mwa uwanda huu. Wapiganaji walifunzwa Kongwa, kisha Nachingwea. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alimwaga maelfu ya askari kaskazini katika operesheni kubwa kuliko zote za vita hivyo, akidhani ameikata mizizi ya Frelimo. Frelimo ilikuwa imekwisha kuhamishia uzito wake Tete, kando ya Zambezi, na kutoka Tete ikateremka kuelekea Manica na Sofala.

Huko ndiko vita vilipobadilika sura. Wamakonde wa Mueda wangeweza kupigana miaka ishirini bila Lisbon kupata usumbufu mkubwa, kwa kuwa uwanda wao haukuwa na reli wala bandari ya mtu. Nalisema bila kuwapunguzia heshima yao, maana bila wao kusingekuwa na vita vyenyewe. Lakini wapiganaji walipoanza kuigusa reli ya Beira mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974, hofu iliingia mahali pengine kabisa. Januari 1974 walowezi wa Beira waliandamana dhidi ya jeshi lao wenyewe, wakawatukana na kuwarushia mawe maofisa waliokuja kuwalinda. Ofisa aliyetoka Ureno kuja kufa kwa ajili ya watu hawa alikuwa na sababu nzuri ya kuuliza anafia nini. Ongeza Guinea-Bissau, ambako wafuasi wa Amílcar Cabral, aliyeuawa Conakry Januari 1973, walitangaza uhuru Septemba mwaka huo huo bila kusubiri ruhusa ya mtu. Mapinduzi yaliyofanyika Lisbon yalikuwa yameiva Afrika.

Beira yenyewe ni mji unaojieleza ukitazama majengo yake. Stesheni ya treni, iliyokamilika mwaka 1966, ina ukumbi mpana wenye paa la upinde, na nyuma yake jengo refu la ofisi. Ukubwa wake hauna uwiano na abiria wachache wanaopita humo siku hizi, na hata enzi zake ulikuwa umepimwa kwa biashara ya nchi nyingine. Hoteli kubwa iliyofunguliwa katikati ya miaka ya 1950, ambayo ilikufa kama hoteli kabla haijatimiza miaka kumi, leo ni makazi ya maelfu ya watu wasio na umeme wala maji ya bomba. Wageni hupenda kuipiga picha. Mimi naona stesheni ina mengi zaidi ya kusema. Mji huu ulikua kutokana na mkataba wa Uingereza na Ureno wa mwaka 1891, ambao ndani yake Ureno ilibanwa kujenga reli kutoka Pungwe hadi eneo la Waingereza. Reli ilifika Umtali, yaani Mutare ya leo, mwaka 1898. Upana wa kwanza ulikuwa futi mbili tu, kisha ikapanuliwa kufikia futi tatu na inchi sita ili mabehewa yapite moja kwa moja hadi reli za kina Cecil Rhodes. Na hadi mwaka 1942 eneo lote la Manica na Sofala lilitawaliwa na kampuni ya biashara. Bendera ilikuwa ya Ureno, ila reli ilikwenda kwa haja ya Salisbury, Harare ya leo.

Novemba 1965 Smith alipojitangazia uhuru wa Wazungu wachache, ulimwengu ulijaribu kumnyima mafuta, na Beira ikawa uwanja wa mchezo ambao hadi leo ni mgumu kuusimulia bila kucheka. Bomba la mafuta lilikuwa limetandazwa muda mfupi uliopita kutoka Beira hadi kiwanda cha kusafishia mafuta cha Feruka, Umtali. Aprili 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliipa Uingereza ruhusa ya kuzuia kwa nguvu meli za mafuta zisifike Beira, na manowari za Uingereza zikakaa hapo baharini zikilinda kwa zaidi ya miaka tisa. Bomba lilikauka kweli. Lakini mafuta ya Rhodesia yaliingia kwa amani kupitia Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, kilomita mamia kadhaa kusini, yakapandishwa kwenye treni na kwenda zake. Wareno hawakuona ubaya, makampuni ya mafuta hayakuona ubaya, na baadaye uchunguzi wa Waingereza wenyewe ulionyesha kwamba wakubwa wa London hawakuwa gizani. Manowari ziliondoka katikati ya 1975, Msumbiji ilipopata uhuru, kwa kuwa kazi iliyoshindwa na jeshi la majini la Malkia sasa ingefanywa na serikali changa ya Frelimo kwa kufunga lango.

Samora aliingia nchini kutoka Tanzania Mei 1975, akavuka Ruvuma na kuteremka hadi kusini, safari ambayo kisiasa ilikuwa na maana kubwa kwa sababu ile ile niliyoitaja mwanzo: hakukuwa na njia iliyoundwa kwa ajili yake. Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni. Smith hakungoja kuona. Mara tu baada ya mapinduzi ya Lisbon alijenga kwa haraka kipande cha reli kutoka Rutenga hadi Beitbridge ili aunganishwe moja kwa moja na Afrika Kusini, na kufikia Septemba 1974 kipande hicho kilikuwa tayari, mwezi ule ule Frelimo na Ureno walipotia saini makubaliano ya Lusaka. Sidhani kama kuna ushahidi ulio wazi kuliko huo juu ya alichokiogopa. Alijua kwamba saini ya tarehe 7 Septemba ilikuwa inahamisha ufunguo wa nyumba yake. Tarehe 3 Machi 1976 Samora aliufunga mpaka, akatangaza vikwazo, na treni za Rhodesia zikakoma kuteremka Beira na Maputo. Wapiganaji wa ZANLA, jeshi la chama cha Robert Mugabe, ambao zamani walipenya kwa taabu kupitia Zambia na Tete, sasa walikuwa na mpaka wa zaidi ya kilomita 1,200 wa kuingilia.

Safari ya kutoka Beira kwenda mpaka huo ni fupi, kilomita zisizozidi 320 hivi, na barabara imejengwa upya na Wachina. Inchope, ambapo barabara ya kaskazini na kusini inakutana na hii, ni soko la malori zaidi kuliko mji. Vijana wanakimbilia madirishani na korosho na maji, na ukisoma namba za magari unaiona kanda nzima: Zimbabwe, Malawi, Zambia, na shaba ya Kongo. Baada ya Chimoio, ambayo Wareno waliiita Vila Pery, nchi inaanza kupanda milima. Nje ya mji huo kuna makaburi ya halaiki ya watu waliouawa tarehe 23 Novemba 1977, ndege na askari wa miavuli wa Rhodesia walipozishambulia kambi za ZANLA. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1976, askari wa Smith waliovaa sare za Frelimo waliingia kambi ya Nyadzonya na kufyatua risasi kwenye umati uliokuwa umekusanyika. Waliokufa katika mashambulio hayo mawili hutajwa kuwa zaidi ya 1,000 kila mahali, na wengi walikuwa wakimbizi. Hii ndiyo bei ya kwanza ya kuufunga mlango. Bei ya pili ilikuwa ya fedha: ushuru wa bandari, nauli za reli na ajira za makuli zilipotea, na Umoja wa Mataifa ulikadiria hasara hiyo kwa mamia ya mamilioni ya dola.

Hapo pingamizi zito zaidi linasimama. Ikiwa Smith alikuwa na reli ya Beitbridge, kufungwa kwa Beira kulimdhuru nini? Biashara yake haikukoma. Kilichomwangusha, wanasema, ni bunduki za wapiganaji na uchovu wa Wazungu waliokuwa wakiitwa jeshini kila mara. Nakubali kwamba Rhodesia haikufa njaa. Lakini pingamizi hili linasahau nani alikuwa mwisho wa reli ile mpya. Kabla ya 1974 Smith alikuwa na majirani wawili wenye bandari wa kumpitishia mizigo, na aliweza kumcheza mmoja dhidi ya mwingine. Baada ya Machi 1976 alibaki na mmoja. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, hakuwa na mapenzi na vita ambavyo vingewaleta Wacuba mpakani kwake, na tayari alikuwa amekaa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia kwenye daraja la Maporomoko ya Victoria Agosti 1975 kumsukuma Smith azungumze. Mwaka uliofuata mizigo ya Smith ilianza kuchelewa kwenye reli za Afrika Kusini, marubani wa helikopta waliokopeshwa wakarudishwa kwao, na Henry Kissinger akaja Pretoria. Tarehe 24 Septemba 1976 Smith, aliyekuwa ameapa kwamba hatauona utawala wa Waafrika walio wengi maishani mwake, aliukubali hadharani, uwe ndani ya miaka miwili. Alivuta miguu kwa miaka mitatu mingine, ila neno lilikuwa limetoka. Bunduki zilimchosha, na zilimchosha zaidi kwa kuwa shingo yake ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Na mfungaji mlango naye alikuwa akinyongwa. Inajulikana kwamba katika mazungumzo ya Lancaster House, London, ya kumaliza vita vya Rhodesia mwishoni mwa 1979, Mugabe alipotaka kuyaacha na kurudi vitani, ni Samora aliyemwambia kwamba Msumbiji haitaendelea kuwa kambi yake. Wapo wanaolitaja jambo hilo kama busara ya kidiplomasia. Ilikuwa busara, lakini pia ilikuwa hesabu ya nchi ambayo bandari yake ya pili kwa ukubwa ilikuwa imekaa bila mizigo ya Rhodesia karibu miaka minne. Mkataba ulisainiwa tarehe 21 Desemba 1979, Zimbabwe ikawa huru Aprili 1980, na mwezi huo huo nchi tisa za kanda zilikutana Lusaka kuunda jumuiya ya SADCC. Kazi ya uchukuzi na mawasiliano ilikabidhiwa Msumbiji, na haikuwa kwa heshima tu.

Angola inaweza kuonekana kama mfano unaoivunja hoja yangu. Kule, mwaka 1975, vyama vitatu vilipigania Luanda kabla hata Mreno hajashusha bendera, Afrika Kusini ikavamia kutoka kusini, Wacuba wakaja kwa maelfu, na reli haikuwa habari kuu. Hata hivyo itazame reli ya Benguela, inayotoka bandari ya Lobito kwenda mpakani mwa Kongo kwa kilomita 1,344. Ilifungwa Agosti 1975 na shaba ya Zaire na Zambia ikakosa njia yake fupi ya Atlantiki. Kaunda alikuwa mwenyeji wa wapigania uhuru wa kila aina, lakini mwaka ule alimwelekea Jonas Savimbi wa UNITA, ambaye nguvu zake zilikuwa kando ya reli hiyo, na hakuitambua serikali ya MPLA hadi 1976. Tazara, ambayo Wachina, Watanzania na Wazambia waliijenga kwa kilomita 1,860 ili Zambia isimtegemee Smith wala Mreno, ilikabidhiwa mwaka huo huo wa 1976. Ikazidiwa mapema, na bandari ya Dar es Salaam ikasongwa na mizigo. Oktoba 1978, mbolea ya msimu ikihitajika mashambani, Kaunda aliufungua tena mpaka wake na Rhodesia. Nyerere na Samora hawakufurahi. Lakini hakuna aliyeweza kumwonyesha njia nyingine ya kupitisha mbolea.

Angola inafundisha jambo jingine kwa kuilinganisha na Msumbiji. Luanda ilipoteza reli lakini ilikuwa na mafuta ya Cabinda, yaliyochimbwa na kampuni ya Kimarekani na kulindwa na askari wa Kicuba (siasa ya vita baridi ilikuwa na vichekesho vyake). Fedha hizo hazikutegemea mteja wa Pretoria. Kweli, Luanda nayo ilikubaliana na makaburu mjini Lusaka Februari 1984 juu ya kuondoa majeshi, lakini ilikuwa na uwezo wa kurudi vitani, na ilirudi, hadi mapigano ya Cuito Cuanavale na mikataba ya New York ya Desemba 1988 iliyoifungulia Namibia uhuru. Maputo haikuwa na uwezo huo. Bandari yake iliishi kwa mizigo ya Transvaal, chini ya mapatano ya tangu mwanzo wa karne: Wareno walitoa vibarua wa migodini, nao makaburu wakaihakikishia bandari karibu nusu ya mizigo ya eneo la Johannesburg. Mishahara iliyocheleweshwa ya wachimbaji ililipwa Lisbon kwa dhahabu, kwa bei rasmi iliyokuwa chini ya bei ya soko, na faida ikabaki mezani kwa serikali ya kikoloni. Frelimo ilirithi mpango huo pia. Lakini vibarua Wamsumbiji migodini, waliozidi 100,000 mwaka 1975, walipunguzwa na kubaki chini ya nusu katika muda mfupi, na mpango wa dhahabu ukakatwa mwaka 1978. Pretoria haikuhitaji jeshi kufanya hayo. Jeshi ililipeleka baadaye, kwa mkono wa Renamo, kundi lililoundwa na majasusi wa Rhodesia na kuhamishiwa Afrika Kusini mwaka 1980.

Malengo ya Renamo yanasomeka kama orodha ya vituo kwenye barabara hii niliyoifuata. Walivunja madaraja, waliang'oa reli, walilipua bomba, na Desemba 1982 matangi ya mafuta ya Beira yaliteketezwa. Zimbabwe huru, ambayo sasa ndiyo ilikuwa ikiihitaji Beira kuliko yeyote, ilileta maelfu ya wanajeshi kulinda njia kutoka Mutare hadi baharini. Tanzania nayo ilipeleka wanajeshi Zambezia, na makaburi ya wanajeshi wetu waliofia Msumbiji yapo Naliendele, nje kidogo ya Mtwara. Tarehe 16 Machi 1984 Samora alikaa na P. W. Botha kando ya Mto Nkomati wakasaini mkataba wa ujirani mwema. Wapiganaji wa ANC, chama kilichopigana na makaburu, walifukuzwa Maputo, lakini Renamo haikuachwa na wafadhili wake. Wengi waliuona mkataba huo kama usaliti. Siwezi kuuita hivyo. Aliyeusaini alikuwa ametazama vitabu vya bandari.

Pingamizi la mwisho ni lile linalonisumbua zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema maelezo ya aina hii yanawafanya wanadamu kuwa mabehewa. Mgala muue na haki yake mpe: lipo jambo ambalo reli hailielezi. Septemba 1974, habari za makubaliano ya Lusaka zilipofika Afrika Kusini, vijana wa harakati za Steve Biko waliitisha mikutano ya kuishangilia Frelimo, Durban kwenye uwanja wa Currie's Fountain na katika chuo kikuu cha Turfloop. Serikali iliipiga marufuku, wakakusanyika hata hivyo, wakakamatwa, na tisa wao wakafungwa gerezani baada ya kesi ndefu. Hawakuwa na tani hata moja ya shehena ya kupitisha Beira. Walichopokea ni habari kwamba mtu mweusi wa jirani ameshinda jeshi la Mzungu, na miezi ishirini na kitu baadaye Soweto ikalipuka. Hayo siyapingi. Ninachosema ni kwamba matumaini hayo yalisafiri upesi, ilhali serikali zilizopaswa kuyatimiza zilisafiri kwa mwendo wa treni zao. Frelimo iliweza kuwapa vijana wa Durban moyo mwaka 1974. Miaka kumi baadaye haikuweza kuwapa makazi wenzao waliokimbilia Maputo, na tofauti hiyo haielezeki kwa kusema kwamba Samora alipungukiwa na ushujaa.

Machipanda, mwisho wa upande wa Msumbiji, ni foleni ya malori inayopanda kilima kuelekea Forbes, kituo cha Zimbabwe. Chini ya ardhi, mafuta yanayoelekea Feruka na Harare yanapita kwenye njia ya bomba lile lile lililokaushwa mwaka 1966. Malori mengi hapa yangeweza kuchagua Dar es Salaam, Durban au Walvis Bay, na madereva wanazijua gharama za kila njia kwa siku na kwa dola. Jambo hilo ndilo jipya kabisa tangu Mreno aondoke, kuliko bendera. Reli ya Lobito imekodishwa kwa miaka 30 kwa ubia ambao ndani yake yumo Mota-Engil, kampuni ya ujenzi ya Ureno, kwa msaada wa Wamarekani na Ulaya. Wachina wanarudi Tazara. Beira imepanua barabara na inashindana kwa ushuru. Mwaka 1978 Kaunda hakuwa na njia moja ya kutegemea, lakini warithi wake Lusaka leo wanakaa mezani na wenye bandari watatu kwa wakati mmoja, na Maputo, ambayo wakati wa Samora iliweza kumfungia mteja mlango, sasa inambembeleza asihamie kwa jirani.